Mvua ya kwenu na mvua ya wenzenu: mwongozo wa kujipanga na hali ya hewa ukiwa Dar, kuanzia sufuria mpaka safari

Nina kimgahawa huku Tabata, supu asubuhi, wali na ugali mchana, chipsi jioni, mwaka wa tisa sasa, na mambo ya hali ya hewa nimeyajua kwa hasara kwanza, kusoma kukaja baadae. Wengi wetu tukiamka tunaangalia juu, wingu lipo tunabeba mwamvuli, halipo tunaondoka, basi imeisha hiyo. Kumbe mvua inayokutia hasara mara nyingi hata haijanyesha kwako. Nyanya inapanda bei Ilala siku ambayo Dar jua linawaka mpaka lami inanata, kwasababu kule Ilula mkoani Iringa Fuso zimezama kwenye tope tangu juzi. Jangwani inajaa wakati watu wa Posta hawajaona hata tone, maana mvua imepiga Pugu na Kisarawe usiku kucha na maji yameshuka na mto Msimbazi taratibu mpaka asubuhi yakawakuta kwenye mabasi ya mwendokasi. Kwahiyo mwongozo huu wote umekaa juu ya swali moja, kitu changu kinatoka wapi na kule kunanyesha? Nimeandika kwa mtu wa Dar maana ndo ninakokujua, ila mtu wa Tanga au Mombasa atajiona humu pia.

Hatua ya 1: Jua uko msimu gani, na wenzio wako msimu gani

Huku pwani na kaskazini tuna mvua mbili. Masika Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Disemba. Katikati kuna kiangazi cha Januari na Februari, jua lile la kuunguza shingo, na kipupwe cha Juni mpaka Agosti ambapo asubuhi mpaka mtu wa Dar anavaa sweta. Sasa kosa la watu wa Dar ni kudhani nchi nzima iko hivyo. Mbeya, Iringa, Njombe, Ruvuma, Rukwa, Dodoma, Singida, Tabora huko mvua ni moja ndefu, inaanza Novemba inaisha Aprili hivi. Ndo maana Februari wewe unalia joto mwenzio wa Njombe anasukuma gari kwenye tope, na viazi vyako viko ndani ya gari hilo.

Afu kuna upepo. Kaskazi inavuma kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Machi, kusi inashika kuanzia Aprili, ikifika Juni na Julai ndo imekomaa. Tutarudi kwake kwenye boti.

Na usiidharau vuli ati kwasababu ni mvua ndogo. Mwaka wa El Nino vuli inageuka kitu kingine, muulize aliyekuwepo mwisho wa 2023, tarehe 3 Disemba mwaka ule tope lilishuka kutoka mlima Hanang likafukia sehemu ya mji wa Katesh.

Hatua ya 2: Soma utabiri wa TMA kama mtu anayesoma mkataba

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa vitu vya aina mbili na watu wanavichanganya. Kuna utabiri wa msimu, unatoka kabla msimu haujaanza, na kuna utabiri wa kila siku pamoja na tahadhari zake.

Wa msimu utasikia maneno kama "mvua za wastani hadi juu ya wastani". Maana yake wamelinganisha na ile mvua ambayo eneo hilo limezoea kupata kwa miaka mingi, hawajasema Jumanne kutanyesha mtaani kwako. Huu nautumia kuamua vitu vikubwa, ninunue mkaa mwingi au kidogo, paa nirekebishe sasa au nisubiri. Nikisikia juu ya wastani fundi wa paa namuita Februari, maana Machi fundi anakuwa na bei ya Machi.

Wa siku angalia rangi. Njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Usiishie kwenye rangi, shuka chini usome uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, wanaandika vyote viwili. Kitu kinaweza kuwa na uwezekano mdogo ila kikitokea ni balaa, kama kimbunga. Na ukikuta wameandika "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji" hiyo ni lugha ya kiofisi, kwa lugha ya sisi wa mitaa ya bondeni, Kigogo na Jangwani, maana yake beba godoro. Mvua ya zaidi ya milimita 50 ndani ya masaa 24 ndo wanaiita kubwa. Ukitaka kuihisi hiyo namba, milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba, kwahiyo 50 juu ya paa la chumba na sebule ni mapipa kadhaa yanayotafuta pa kwenda.

Hatua ya 3: Chora njia ya vitu vyako

Chukua karatasi, usicheke, hii kazi ni ya dakika kumi. Andika vitu unavyotumia kila siku na mbele yake andika vinakotoka. Yangu iko hivi, nyanya Ilula na Morogoro, viazi Njombe na Mbeya, vitunguu Ruaha Mbuyuni na Mang'ola kule Karatu, karoti na kabichi Lushoto, mchele Mbeya au Ifakara, dagaa Mwanza, samaki soko la Feri, maji mto Ruvu. Wewe ambae hupikii watu inaweza kuwa fupi zaidi.

Sasa ukisoma utabiri husomi Dar peke yake, unasoma na hiyo mikoa. Mvua kubwa ikitajwa Iringa na Morogoro leo, mimi nina siku mbili mpaka tatu kabla bei haijabadilika Ilala, maana mzigo uliokwisha kutoka uko njiani bado. Barabara kuu ya lami mara nyingi inapitika vizuri tu, ugonjwa uko kwenye zile kilomita chache za vumbi kutoka shambani mpaka lami, pale ndo trekta linaitwa kuvuta Fuso na gharama ya trekta unakuja kuilipa wewe kwenye fungu la nyanya tatu.

Ruvu pia iweke kwenye karatasi. Maji mengi ya bomba ya Dar yanatoka mto huo na mto wenyewe unaanzia milima ya Uluguru, kwahiyo Uluguru ikikaukiwa Dar inakaukiwa, ndo kilichotokea mwisho wa mwaka 2022 tukaingia kwenye mgao wa maji wakati bahari imejaa hapo mbele yetu.

Hatua ya 4: Chakula, hapa tukae kidogo

Aprili mmoja nilipata nyanya za bei nzuri, nikachukua tenga tatu nikajiona mjanja. Siku ya tatu maji yanachuruzika chini ya tenga, siku ya nne namwaga. Nilichokuwa sijui ni kwamba nyanya iliyochumwa mvua inanyesha, ikapakiwa imelowa, ikasafiri siku mbili imebanana, hiyo inaoza hata kama ukiiangalia inang'aa. Tangu siku hiyo sheria yangu kipindi cha mvua ni nyanya za siku mbili tu, na nikinunua namwaga zote juu ya turubai, nafuta zilizolowa, zilizopasuka napika siku hiyo hiyo, nzima nazipanga zisilaliane sehemu yenye upepo. Usizioshe mpaka siku ya kuzitumia.

Zikishuka bei (na zinashuka, kuna miezi zinamwagwa) nunua nyingi upike rojo. Chemsha, saga, rudisha jikoni zikauke maji mpaka ziwe nzito, zipoe, gawanya kwenye vifuko vya kupikia mara moja moja, friza. Mimi rojo ya Agosti imenivusha mpaka Disemba bila kununua nyanya ya bei ya wizi.

Mahindi na mchele ni hesabu nyingine kabisa. Mavuno ya mikoa ile ya mvua moja yanatoka Mei mpaka Julai, bei inakaa chini Juni mpaka Agosti afu inapanda polepole, Januari mpaka Machi ndo kilele maana maghala yanaisha na mapya hayajakomaa. Mtu mwenye nafasi na hela kidogo anunue gunia Julai, au mchangie watu watatu. Ila usinunue gunia halafu ulifuge wadudu. Kwanza pima ukavu, chukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tia mahindi mpaka robo, tia kijiko kimoja cha chumvi kavu, tikisa vizuri, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia kwenye kioo mahindi bado yana maji, yarudishe juani kwenye turubai, isipoganda yako sawa. Usiruke hii hatua, mahindi mabichi yakifungwa yanaota ukungu na ukungu unaleta sumukuvu, ambayo huioni wala haifi kwa kupika, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Yakishakuwa makavu weka kwenye mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu, mifuko miwili ya nailoni ndani na wa kawaida nje. Funga wa ndani kabisa kwanza kwa kukamua hewa yote, afu wa pili, afu wa nje. Wadudu wanakosa hewa wanakufa, dawa huhitaji. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, kipindi cha masika sakafu ya nyumba zetu inavuta unyevu kama sponji. Na panya akitoboa mfuko kazi yote imeharibika, kwahiyo paka naye ana nafasi yake kwenye mwongozo huu.

Viazi weka gizani penye hewa, visioshwe, vikigeuka kijani tupa. Vitunguu vitundike kwenye wavu, usiviweke kapu moja na viazi, vinaharibiana.

Samaki na dagaa wana kalenda yao. Kusi ikikaza ngalawa hazitoki, Feri inakauka, bei unaiona. Na mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliwi vizuri, wavuvi wanavua kwa taa na taa inafanya kazi gizani. Dagaa wa ziwa wanaanikwa juani, kwahiyo mvua ya Mwanza inaleta dagaa wenye harufu na mchanga. Nunua dagaa wa kiangazi, waanike tena mwenyewe siku moja, weka ndoo yenye mfuniko.

Hatua ya 5: Mkaa, maji, umeme

Mkaa nunua Februari. Masika barabara za msituni hazipitiki, bei inaruka, afu gunia linakuja limelowa, unalipia maji na moshi. Gesi iwepo ya akiba hata mtungi mdogo.

Maji ya mvua usiyaache yapite bure. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 ni lita 1,000, toa yanayopotea kwenye mifereji na kurukaruka ubaki na 800 hivi, hilo ni karibu simtenki zima kwa mvua moja ya usiku. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe paa, kuna vumbi, mavi ya ndege na majani. Baada ya hapo kinga, funika vizuri, mbu wa dengue wanazaliana kwenye maji safi kama hayo na wanauma mchana, Dar iliugua sana 2019. Ya kunywa chemsha mpaka yatokote kabisa au tumia vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi, hata ya bomba yatibu siku za mafuriko kwasababu bomba lililopasuka likilala kwenye maji ya choo linakunywa nayo. Kipindupindu huwa kinakuja nyuma ya mafuriko kama mkia.

Umeme ukikatika usifungue friji kila dakika kuangalia kama bado ya baridi. Lililofungwa linatunza chakula masaa manne hivi, friza iliyojaa na haijafunguliwa inafika masaa 48. Kama friza yako ina nafasi jaza chupa za maji zigande, zinasaidia kushika baridi. Luku (umeme wa kulipia kabla) nunua kabla ya wingu, na maji yakianza kuingia ndani zima meni swichi kabla hujakanyaga maji, ukishachelewa usiiguse na mikono ya maji, toka nje.

Hatua ya 6: Kutembea mjini siku ya mvua

Kabla ya kutoka uliza hali ya Jangwani kwanza. Barabara ya Morogoro ikifungwa pale mji mzima unajipanga upya, mwendokasi inasimama, daladala zinazunguka, boda anadai nauli mara mbili na hana makosa sana.

Kuna kitu wachache wanakiangalia, maji ya bahari. Msimbazi unamwaga baharini pale Selander, sasa bahari ikiwa imejaa mto hauna pa kumwaga, unarudi nyuma. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndo bamvua, maji yanajaa na kupwa kwa tofauti ya zaidi ya mita 3. Mvua kubwa ya Kisarawe ikikutana na bamvua, mimi siendi mjini, wateja wa supu watanisamehe. Wavuvi na wazee wa pwani hizo saa wanazo kichwani, muulize mmoja.

Maji yanayotembea usiyapime kwa macho. Sentimita 15 yenye kasi inamwangusha mtu mzima, 30 inaelea na gari dogo, 60 inabeba karibu gari lolote la kawaida. Na chini ya maji ya Dar kuna mitaro isiyo na mifuniko, hiyo hesabu haimo kwenye namba. Ukiona mwenzio amepita salama haina maana na wewe, shimo lilikuwa hatua moja kushoto kwake. Boda ndo usithubutu kabisa. Radi ikipiga hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa tatu upate kilomita, ikiwa chini ya kumi uwe ndani ya jengo au gari, sio chini ya mwembe.

Hatua ya 7: Safari za mikoani

Kipindi cha mvua ongeza siku moja mbele na siku moja nyuma kwenye ratiba yako, hasa kama unaenda kwenye harusi au usaili. Niliwahi kulala njiani usiku mzima, daraja limekatika mbele na foleni ya malori nyuma, basi zima tulikuwa na maji ya kunywa chupa tatu. Siku hizi begi langu la masika lina maji lita mbili, korosho au karanga, tochi, pawabanki iliyojaa, hela taslimu (mtandao unapotea pale unapouhitaji), dawa zako kama unatumia za kila siku, na khanga au shuka. Mwenye mtoto abebe mara mbili ya hivyo.

Habari za barabara usiulize ofisi ya tiketi, yule anauza tiketi. Uliza madereva wa malori waliotoka huko, Mbezi Luis na pale wanapolala malori utawapata. Njia ya kusini ina historia, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Kilwa na watu wakakwama pande zote mbili. Reli ya zamani nayo kati ya Kilosa na Gulwe imekuwa ikichukuliwa na maji ya mto miaka nenda rudi. Panda basi la asubuhi ili sehemu mbaya muikute mchana, usiku dereva haoni kama mbele kuna lami au mto.

Hatua ya 8: Boti ya Zanzibar na Pemba

Juni mpaka Agosti kusi imekaza, soma utabiri wa bahari, ukiona upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 safari ahirisha kama haina ulazima. Boti ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ona Julai hiyo, kusi imekaza. Kama lazima uende chukua boti ya asubuhi, kaa chini katikati kuelekea nyuma, kula kitu kikavu kidogo, dawa ya kuzuia kutapika meza nusu saa kabla na sio ukishaanza kuona nyota. Mkondo wa Nungwi kuelekea Pemba unatikisa kuliko Dar na Unguja, hata wenyeji wananyamaza pale. Wakitangaza boti haitoki usigombane na mtu dirishani, na usikimbilie jahazi la mizigo kwa siri.

Hatua ya 9: Nyumba, kabla hujapanga

Hii ningeiweka ya kwanza ila watu wangeruka. Nenda kaione nyumba Aprili, sio Agosti. Kama ni lazima Agosti basi kagua ukuta, tafuta mstari wa rangi iliyobadilika chini, kagua milango ya mbao kama imevimba kwa chini, angalia soketi zimewekwa juu kuliko kawaida (fundi hakuziweka juu kwa mapambo, kuna siku maji yalifika), angalia kama majirani wana kingo za zege mlangoni. Dalali muache aseme, wewe nenda nunua kitunguu kwa mama wa genge la jirani umuulize mwaka wa 2023 maji yalifika wapi. Atakuonyesha kwa mkono. Pale Tabata mimi alinionyesha magotini, nikachukua chumba cha pembeni chenye ngazi tano, na kila masika napiga alama ya chokaa kwenye ngazi maji yalipoishia, na tarehe. Mpaka sasa ya juu kabisa iko ngazi ya tatu.